Nimemfungia Mume Wangu Geti

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nyumba yangu imekuwa kimya kama haina watu. Mume wangu alikuwa tarishi, kazi yake yote aliifanya juu ya baiskeli, na hata alipostaafu akapigwa na kiharusi daktari alimwambia atembee kila siku, naye akatii, asubuhi anajikongoja hadi kwa kinyozi, rafiki yake wa ujana, wanataniana weee, anarudi amechangamka, sukari imeshuka, anakula vizuri. Kisha wakapanua barabara, njia ya miguu ikamezwa yote, watu wakawa wanapita bega kwa bega na magari, na siku moja pikipiki ikampamia akatumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko, akavunjika nyonga. Alipopona nikafunga geti kwa kufuli, ufunguo nikautia kifuani, akiniomba namwambia, "Baba watoto, unataka nikuzike?" naye anarudi kuketi kitini. Sasa miguu imemvimba, sukari haishikiki, na juzi tumeletewa habari kwamba kinyozi amefariki, kumbe aliugua muda mrefu na sisi hatujui. Mume wangu alisema tu, "Amekufa akidhani nimemsusa." Tangu hapo hanisemeshi. Lakini barabara ni ileile, mshauri, nikimfungulia si namtupa kwenye pikipiki?

Mke wa Tarishi

Mshauri anajibu:

Mama, pole sana kwa msiba, na pole kwa hofu uliyoibeba peke yako. Lakini nikwambie ukweli: umemkinga na pikipiki, ukamwachia ugonjwa na upweke. Mtu mzima hafungiwi kama mbuzi! Kosa la ajali ile si lake wala si lako, ni la waliopanua barabara wakasahau kwamba watu wana miguu.

Kamwombe radhi leo, na usijitetee. Mchukulie teksi, mpeleke kwa mjane wa kinyozi akaeleze mwenyewe kilichomzuia. Wewe kaa pembeni, waache walie.

Kisha muulize daktari atembee kiasi gani, mtafute vichochoro visivyopitisha magari, mtoke mapema, wewe ukiwa upande wa barabara. Na wakusanye majirani, wenye watoto wa shule, wenye baiskeli, wenye viti vya magurudumu, mwende kwa diwani mkadai mifuniko na njia ya miguu. Akiwaambia njooni kesho, nendeni kesho.

Sikufichi, mama: huenda njia hiyo ikajengwa mumeo hayupo. Idai hivyo hivyo. Na kila asubuhi mshike mkono mtembee. Akichoka, simameni.