Masomo Tisa kwa Vichwa Vinne

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nimeona nikuandikie wewe kwa sababu wakufunzi wangu siwezi kuwaambia na nyumbani hawataelewa, naomba unisaidie ratiba. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, nasoma mwaka wa pili wa stashahada ya utabibu katika chuo kimoja hapa Sumbawanga, kwetu ni Mpui, wazazi wanalima mahindi na ulezi, na muhula huu nina masomo manane na moja la kurudia maana mwaka jana nilipata sapu, ule mtihani wa marudio, nikaanguka tena, jumla tisa, tunaingia darasani saa moja na nusu asubuhi tunatoka saa kumi na moja jioni, na kila mkufunzi anatoa kazi kana kwamba yuko peke yake.

Wiki ya tatu niliona nimeshindwa, nikakumbuka nyumbani tunavyolima kwa zamu, leo majirani wote wako shambani kwetu, kesho sisi wote tuko kwao, na hakuna anayebaki na pori, basi nikawaambia wenzangu watatu wenye mzigo kama wangu, Adolfu, Rahim na Salome, tugawane masomo, kila mmoja ahudhurie mawili au matatu, asaini mahudhurio ya wote wanne, halafu Jumamosi tukutane nyuma ya duka la baba mdogo wake Rahim tufundishane. Rahim alicheka sana, akasema, "Redempta, wewe si tabibu, wewe ni mwenyekiti wa kijiji," lakini alikubali, na kweli ilikwenda vizuri, tulipumzika, majaribio tulifaulu, hata wenzetu wa mkondo wa pili walituomba notsi tukazipiga picha tukawatumia.

Shida imeanza wiki iliyopita kwenye jaribio la dawa za watoto, somo ambalo ni la Adolfu. Swali lilikuwa la mtoto wa kilo nane, na sisi wanne tuliandika kipimo kilekile, cha mtu mzima, kwa sababu siku ya kipindi hicho Adolfu alitoka kupokea simu ya mama yake, akarudi akaendelea kuandika pale alipokuta, sehemu ya kupunguza kipimo kwa kilo ikawa imempita. Mkufunzi wetu, Mama Hasna, hakukasirika, alizipanga karatasi nne mezani akasema, "Hawa wanne wamekubaliana vizuri sana. Tatizo mtoto hakushirikishwa." Darasa likacheka, mimi pia nikacheka, halafu nikagundua kwamba sijui kosa liko wapi. Tulipotoka Adolfu akanieleza habari ya ile simu, kisha akaniambia, "Acha woga wewe, alama nne tu hizo, tutazirudisha kwenye mtihani wa mwisho."

Sasa baada ya siku kumi na nne tunakwenda mafunzo kwa vitendo, nimepangiwa zahanati moja karibu na kwetu, mganga yuko peke yake na amefurahi kupata msaidizi, baba ameshatangaza kwenye jumuiya, na jirani amemwambia mama kwamba atamleta mjukuu wake kwa daktari wetu. Kati ya masomo tisa nayajua mawili. Nikisema ukweli nitarudia muhula na wenzangu wataponzeka, nikinyamaza sijui itakuwaje. Naomba unipangie ratiba ya kusoma masomo saba kwa siku kumi na nne, niko tayari hata kutolala.

Redempta, Sumbawanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Redempta. Ratiba sikupi. Kupanga masomo saba kwenye siku kumi na nne ni kazi ya dakika tano na rula, na ukimaliza utakuwa na karatasi nzuri ukutani na ujinga uleule kichwani.

Umeandika kwamba hukujua kosa liko wapi. Barua yako yote ni maneno hayo machache. Adolfu anaona alama nne. Mimi naona mtoto wa kilo nane aliyepewa dawa ya mtu mzima na watu wanne kwa mpigo, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Kabla sijakugeukia wewe, nina neno kwa chuo. Mtu anayempanga kijana darasani tangu asubuhi hadi jioni, akamwongezea na somo la kurudia juu ya manane, kisha akashangaa kwamba karatasi ya mahudhurio ina saini nne za mwandiko mmoja, huyo hafundishi, anajaza magunia. Wakufunzi wanane wasioulizana kila mmoja ametoa kazi gani nao wanapaswa kurudia muhula. Kwa hilo nakuonea huruma, na sisemi kwa kukubembeleza.

Huruma inaishia hapo. Umesingizia kilimo cha zamu, na umekisingizia vibaya. Siku majirani wanapokuja kwenu Mpui, baba yako hukaa wapi? Yuko mbele, jembe mkononi, anashika mstari wa kwanza, na asiposhika watu wanaweka majembe chini na kurudi kwao. Ninyi mlichukua nusu ya desturi, ile nusu ya kupumzika. Tena jembe la jirani likipita kwenu, mahindi yanaota kwenu. Sikio la Adolfu likisikia, aliyesikia ni Adolfu. Na kama ametoka kupokea simu, hakuna aliyesikia.

Sasa fanya hivi. Leo, ukimaliza kusoma hapa, waandikie wale wa mkondo wa pili kwamba notsi za dawa za watoto zina kosa na wasizitumie. Usingoje ruhusa ya Adolfu. Hilo umelitaja kwa kupita, na ndilo linaloungua sasa hivi.

Kesho waite wenzako watatu, uwaambie kwamba Jumatatu unakwenda kwa Mama Hasna. Waambie mapema ili nao wapate nafasi ya kwenda kwa miguu yao. Ukifika ofisini taja jina lako peke yako. Ya kwao watayasema wenyewe. Najua Rahim atakuita msaliti. Mwache aite.

Usimwambie Mama Hasna kwamba ulikuwa unaumwa. Mwambie ulichoniambia mimi, kwamba kati ya tisa unayajua mawili. Omba mambo mawili: mafunzo ya vitendo yaahirishwe, na lile somo la kurudia lihamishiwe muhula mwingine ili ubaki na mzigo unaobebeka. Uliza utaratibu, na upewe kwa maandishi. Huenda watakuadhibu kwa saini za uongo. Ulisaini, kubali.

Kikundi msikivunje. Ingieni wote darasani, kisha gawaneni kazi ya baadaye: huyu atunge maswali, yule atafute kitabu, na Jumamosi kila mtu aulizwe kwenye somo ambalo si lake. Atakayeshindwa kueleza bila daftari, arudi kwa mkufunzi. Na usiku ulale. Tabibu asiyelala ni hatari nyingine.

Mwisho, panda gari uende Mpui, umwambie baba yako ana kwa ana, kabla jirani hajamfunga mjukuu mgongoni. Atanuna. Ameshatangaza, na kutangua tangazo mbele ya jumuiya ni aibu kwa mzee yeyote. Lakini atanuna msimu mmoja, na wewe utatibu watu miaka arobaini.