Pale Unapokufa kwa Mara ya Nne

Sindo,
Kaunti ya Homa Bay.
12 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Frankline,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima huko Johannesburg, na lile bega ulilosema linakusumbua limepoa. Mimi sijambo, ni mgongo tu unaonilalamikia kwa kuinamia cherehani. Mama naye yupo na anakusalimu, ingawa habari yake nitaiweka mbele kidogo ili nisianze na mazito.

Barua hii anakuletea Beverlyne, binti wa pasta, anayerudi huko kazini. Amebeba pia omena kutoka kwa mama, usimgawie mtu. Najua utashangaa kwa nini naandika na simu zipo. Kwenye simu huwa unaniambia, "Sista, niko set, nitakupigia," halafu hupigi. Karatasi huwezi kuikata.

Flash uliyotuma ilifika. Jumapili moja mwezi uliopita, tulipotoka kanisani, nilimweka mama kwenye kiti, nikafunga mapazia, tukaitazama hiyo sinema yenu, Sista Radi, mwanzo hadi mwisho. Uliniomba nikwambie ukweli kama zamani, tulipokuwa tukitoka kwenye ukumbi wa video wa Jacktone tukibishana hadi nyumbani. Basi ukae chini.

Nianze na sifa. Mapigano ni mazuri, sitakuficha. Watu wanagusana kweli, vumbi ni vumbi, na kamera inatulia ili tuone nani amempiga nani. Siyo kama picha za siku hizi zinazotikisika mpaka unatafuta dawa ya kichwa. Yule dada muuza nyama anayewawinda majambazi waliochoma soko lake anajua kushika kisu, na ukimtazama machoni unaamini ana uchungu. Gitaa la kwanza lilipolia nilirudi nikawa na miaka kumi na miwili, nimesimama juu ya benchi la nyuma kwa Jacktone, wewe umenishika sketi. Na zile suruali za bugaluu! Aliyezishona ni fundi, mpe salamu zangu za kikazi.

Sasa makosa, na usininunie. Ile mikwaruzo mliyoichora juu ya picha ili ionekane kuukuu ni ya nini? Kanda za Jacktone zilikwaruzika kwa sababu hakuwa na nyingine. Yenu inakuja wakati watu wamekaa kimya, risasi zikianza inapotea. Koti la mkubwa wa majambazi linachanika mkono, wanavuka barabara, mkono umepona. Mimi nashona, hilo halinipiti. Halafu kila anayeua lazima atoe mzaha. Ni kama mnaogopa tutawacheka, kwa hivyo mnajicheka kwanza. Sinema zile za zamani zilikuwa mbovu na hazikujua, ndiyo maana tulizipenda.

Na huyo dada kwenda kuoga katikati ya kisasi kuna kazi gani? Nilisimama mbele ya TV nimetandaza leso mpaka alipomaliza, mama akiniuliza mbona nimemzibia. Wanawake wengine wote kazi yao ni kupigwa na kupiga mayowe. Hayo ya zamani mngeyaacha huko huko.

Lakini lililoniuma zaidi ni hili. Wanakufa watu wengi mno na hakuna matanga hata moja. Hakuna hema, hakuna chai, hakuna shangazi wa kulia, hakuna anayeuliza huyu marehemu ni mtoto wa nani. Dada mwenyewe akishamaliza kuua anatembea peke yake barabarani, muziki unapanda, na mnataka tupige makofi. Mimi nilijiuliza tu anaenda kwa nani, na jioni hiyo atakula na nani. Pengine niliwaza hivyo kwa sababu nyumba hii imekuwa kimya sana. Tangu uondoke sina wa kubishana naye. Ukumbi wa Jacktone siku hizi ni saluni. Mama akilala mchana, sauti ninayoisikia ni ya cherehani yangu. Nina upweke, Frank, wacha niuseme tu.

Tuje kwako. Hukuniambia umecheza nani, ulisema tutafute. Nilikupata. Umekufa mara nne, owadwa, ndugu yangu. Mara ya kwanza unaanguka kutoka paa la kituo cha petroli ukiwa na nywele za bandia. Nilikujua kwa kiwiko, bado unakimbia ukikitoa nje kama kuku aliyevunjika bawa. Mara ya pili umevaa helmeti ya pikipiki, ya tatu umejifunga kitambaa usoni. Kila mara nilimwambia mama, "Huyo ndiye Frank," naye akivuta kiti karibu na kuniuliza, "Na uso wake uko wapi?"

Habari ya mama ndiyo hii. Ni presha ya macho. Daktari kule Homa Bay alisema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia huenda lisifike Krismasi. Mtu akisimama mlangoni mchana, karibu, bado anamwona sura. Mama alinikataza kukwambia, eti utaacha kazi. Mimi nakwambia.

Mara ya nne lori linakugonga, umeipa kamera mgongo, na unalia, "Mama yooo!" Sijui kama mwongozaji alikuambia useme hivyo au ilikutoka. Ni sauti yako ile ile ya siku ulipoteleza kwenye miamba pale ziwani, siyo ya kwenye simu inayoongea kama mtu wa kampuni. Mama aliinuka kwenye kiti. Akajibu kwa nguvu, "An kae, wuoda!" Alikuitikia, "Niko hapa, mwanangu," kana kwamba ulikuwa nje unabisha hodi.

Tangu siku hiyo, kila jioni tukishakula, ananiambia niweke pale unapokufa. Hataki mwanzo, hataki yule dada, ni pale tu. Unalia, anakuitikia, nazima, anaenda kulala.

Ulisema utarudi ukishapata sehemu ya kuonyesha uso, ili watu wa hapa wakuone umekuwa mtu. Sikucheki, najua ulivyohangaika. Lakini anayeutaka huo uso kuliko wote hatauona kwenye TV hata wakikupa picha nzima. Ataka usimame mlangoni mchana. Simba yako, ile nyumba yako ya ujana, haijaanguka, nimeiwekea mabati mapya upande wa ziwa, na kitanda kipo.

Jacktone anakusalimu. Anasema yeye alikupata mara tatu, ya nne anabisha kwamba si wewe, na mimi nimekataa kumsaidia. Shangazi Mellen anakusalimu pia, bado anauliza kama umeoa. Mungu aliyekuinua kwenye maanguko yote hayo akushike mkono njiani.

Njoo, Frank. Rimoti ninaishika mimi, na nimechoka kukuua kila jioni.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Filister