Safu ya Maoni

Jumatatu, 2 Juni

Faili la maji limekataa tena kuingia. Programu inataka safu mbili tu, saa na kimo cha maji. Namba tupu. Karani wa ofisi ya Dar kachapa safu tano, na ya mwisho kaiita "Maoni". Nimeifuta nzima bila kuisoma. Programu haitaki maoni. Siku hizi hata mimi siyataki.

Mtu akiniuliza kazi yangu nashindwa kujibu. Nina duka la steshenari hapa Bariadi. Napiga fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, na katikati ya wateja naandaa takwimu za kupwa na kujaa kwa bahari ambayo sijawahi kuiona. Nilijifunza kwa video, kwa bando langu. Injinia wa Dar anayenipa kazi hii hajawahi kuniuliza niko wapi. Nadhani anaamini Bariadi ina ufukwe.

Jumanne, 3 Juni

Leo tarehe. Kompyuta ya karani imeweka mwezi mbele ya siku, lakini si kila mahali. Halafu desimali: kwingine nukta, kwingine mkato. Mita moja na nusu imekuwa mita kumi na tano. Kwa hesabu hiyo bahari imepita juu ya minazi.

Mteja kaja anataka picha ya pasipoti aonekane mnene. Nimemwambia asubiri, bahari imefurika. Kaondoka.

Alhamisi, 5 Juni

Faili limeingia. Sina furaha.

Nimeweka mistari miwili kwenye grafu moja. Wa kwanza ni makadirio ya dunia nzima, yale ya setilaiti. Wa pili ni vipimo vya pale pale kwenye mkono wa bahari wanakojenga daraja, vinavyosomwa kwenye mti wenye alama na mama mmoja anayeuza chapati jirani. Inatakiwa ifuatane. Haifuatani. Wa dunia ukipanda, wa mama wa chapati unashuka. Siku zote.

Nimepunguza saa tatu, maana programu inahesabu kwa saa za Ulaya. Haikusaidia. Nimeongeza tatu. Balaa zaidi. Mwisho nikafanya uhuni: nikageuza vimo juu chini. Ikakaa vizuri mno. Kitu kikikaa vizuri hivyo bila sababu, ujue kuna mtu amekosea. Nimerudisha.

Nimemwandikia Injinia kwamba grafu ziko kichwa chini.

Ijumaa, 6 Juni

Jibu la Injinia, mstari mmoja: "Data ya site ndiyo ukweli, tumia hiyo, ratiba inasubiriwa."

Ukweli. Sawa bosi.

Ratiba yenyewe ni ya mafundi wanaochimba misingi ya daraja la waenda kwa miguu. Wanashuka shimoni maji yakipwa, wanatoka kabla hayajajaa. Na mmoja wa mafundi hao ni Maduhu, mdogo wangu. Kazi nilimtafutia mimi. Maji makubwa aliyowahi kuingia ni lambo la ng'ombe kule Mwamapalala, na alitolewa na watu.

Nimetuma ratiba. Nimejisikia vibaya, halafu nimejisikia mjinga kwa kujisikia vibaya. Injinia kasoma chuo. Mimi nimesoma video.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa nimekwenda kwa mama. Alikuwa anachambua pamba barazani. Kwake maji yote yasiyo na ng'ambo ni nyanza. Kaniuliza nyanza ya Maduhu ikoje. Nikamweleza inaondoka mara mbili kwa siku na kurudi mara mbili.

"Ikiondoka inakwenda kwa nani?"

Nikaanza kumweleza habari za mwezi. Kanitazama kama ninamuuzia dawa ya minyoo.

"Ng'wanone, mwanangu, wewe umeiona?"

Sijaiona, mayu.

"Basi mwambie Maduhu asiingie."

Jumanne, 10 Juni

Nimeongea na Maduhu. Ratiba imebandikwa kwenye kibanda cha msimamizi. Wanashuka mara ya kwanza keshokutwa saa saba mchana, maji yatakuwa yanaondoka mpaka saa kumi na nusu. Nikamwambia awe mwangalifu, sijaridhika na ile grafu.

"Dada, wewe bahari umeiona wapi? Kwenye kalenda ya duka?"

Kacheka mpaka salio likaisha. Salio langu, nilimpigia mimi baada ya yeye kunibipu.

Alhamisi, 12 Juni

 Naandika kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Saa tatu asubuhi umeme ulikatika nikiwa nahifadhi faili. Ukarudi saa saba na nusu. Faili safi limeharibika, halifunguki. Kazi ya wiki nzima. Nimetukana kwa Kisukuma, mteja mmoja akaitikia.

Nikafungua faili la karani upya. Safu tano zile zile. Nikaweka kidole nifute ile ya Maoni. Jicho likatua kwenye mstari mmoja.

04:00. Watoto wa shule wametoka kunywa uji.

Shule gani inatoa uji saa kumi za alfajiri?

Mstari mwingine. 06:00. Jua kali, nimehamia kivulini.

Nikakaa chini.

Mama wa chapati anaandika saa daftarini kama mimi na mama yangu na kila mtu ninayemfahamu. Saa nne asubuhi, saa sita mchana. Karani akachapa 4, akachapa 6. Za usiku akaziongezea kumi na mbili, akaona amekuwa mtaalamu. Faili zima liko nyuma saa sita. Na bahari ikijaa, inapwa baada ya saa sita na dakika chache. Ukikosea saa sita, hukosei kidogo. Unaita kujaa kupwa.

Na karatasi iliyobandikwa kibandani nimeitengeneza mimi. Saa saba mchana shimo lilikuwa bado kavu, maana maji yalipwa saa nne. Wameangalia shimo, wameangalia karatasi, viwili vinakubaliana. Wameshashuka. Na maji yalikuwa yanakuja, hayaondoki.

Saa nane kasorobo. Injinia hapokei, yuko kikaoni. Maduhu: simu inaita, inaita. Mara ya nne ikapokewa na sauti ya mwanamke, laini, Kiswahili cha kule kwao.

"Mafundi wako shimoni, mwanangu. Simu zao naweka mimi kwenye ndoo ya unga. Nimwambie nani kapiga?"

Nikamuuliza kama ndiye anayesoma mti.

"Ndimi Bi Zuhura mwenyewe. Tangu waanze kushuka nawaambia maji yanakuja, wananionesha karatasi. Yule mrefu kaniambia bibi, hii imetoka kwenye kompyuta."

Yule mrefu ni Maduhu.

Nikasema karatasi hiyo nimeiandika mimi, na ni ya uongo. Hakuuliza zaidi. Hakukata simu. Nilisikia kandambili zake, halafu sauti ambayo haikuwa laini tena:

"Enyi Wasukuma! Tokeni! Mwenye karatasi yake kapiga, kasema ni ya uongo!"

Kelele. Upepo. Mtu anapiga ndoo. Nilihesabu hesabu isiyo na maana, nikafika mia mbili na kitu. Kisha Maduhu, anahema.

"Dada. Yamepita juu ya magunia ya mchanga. Toroli limekwenda."

Nikamwambia aache toroli. 

Nimefunga duka. Mama sijamwambia.

Ijumaa, 13 Juni

Injinia kapiga. Anataka kujua kwa nini sikusema mapema. Nikamtumia barua yangu ya tarehe tano.  Baada ya saa nzima kaandika: "Noted."

Mwenye toroli naye ananidai maelezo. Nimempa namba ya Injinia.

Jumanne, 17 Juni

Nimejumlisha saa sita mstari kwa mstari, za usiku nikizirudisha kwenye tarehe zake. Mistari miwili sasa inapanda pamoja na kushuka pamoja. Ratiba mpya imekwenda. Nimetoa sharti moja, na sikuomba: haibandikwi mpaka Bi Zuhura aisome aseme ndiyo.

Kaisoma. Kasema ndiyo, ila maandishi ni madogo.

Alhamisi, 26 Juni

Mvua hakuna, wateja hakuna. Siku hizi daftari haliendi kwa karani. Maduhu analipiga picha, ananitumia. Mwandiko wa Bi Zuhura ni mkubwa, umelala upande mmoja.

Ukurasa wa leo: "Saa 4 na nusu asubuhi. Maji yamepwa. Mafundi wako chini, yule mrefu anaimba."

Nimechapa 10:30. Nimechapa kimo. Programu bado inataka safu mbili tu, kwa hiyo nimetengeneza faili la pili, la kwangu, lenye safu ya tatu.

Anaimba. Nimeandika hivyo hivyo.