Mifereji Minne Kwenye Maharage

Kanyosha, Bujumbura, 4 Februari 1997

Mwanangu Landry,
Tumsifu Yesu Kristo. Huko Delhi u mzima? Sisi wazima, ukiacha mgongo wangu na risasi za milimani. Marehemu mama yako tulimzika shambani nyuma ya nyumba, kwani njia ya makaburini haipitiki. Agosti tunaganduka, tuondoe matanga. Wewe unasomea kuchora majengo, basi nichoree kaburi, fundi Astère alijenge. Dogo tu.
Baba yako, Sylvère

Delhi, 20 Machi 1997

Baba mpendwa,
Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Mchoro huu hapa. Nimefuata bustani za makaburi ya wafalme wa Kimughali wa huku: ukuta pande zote, lango kusini, mifereji minne ya maji inayogawa bustani mafungu manne, kama paradiso. Inapokutana, katikati kabisa, ndipo analala Mama. Pande zote zinalingana, hata sentimita haizidi.
Mwanao Landry

Kanyosha, 11 Mei 1997

Landry,
Salamu. Mgongo uache. Nimeomba kaburi, umeniletea mji! Mifereji yako inapita kwenye maharage yangu. Maji ya kunywa tunapanga foleni na bidoni, nawe unataka ya kupamba? Saruji haionekani tangu nchi jirani zitufungie mipaka. Na hapo kwenye lango lako la kusini pana choo chetu, umesahau? Astère alipouona mchoro alikaa chini kwa kucheka: «We Sylvère, mutoto wako anajenga kaburi ao aéroport?» Nimekasirika, tena nimeaibika. Halafu mama yako umemweka katikati kabisa. Miaka thelathini tumelala pamoja. Mi nitalala wapi?
Baba yako, aliye hai bado

Delhi, 2 Juni 1997

Baba,
Nisamehe, na pole na mgongo. Sikuweza kuja kuzika, nikataka kumpa Mama kila kitu, wewe nikakusahau. Jumamosi nilikwenda Agra, kwenye kaburi la malkia mmoja. Kila kitu kina mwenzake, kushoto na kulia, naye yuko katikati. Mumewe alipokufa wakambana kando yake, ulinganifu wote ukaharibika. Nililia pale mbele ya watalii. Mifereji nimeifuta. Nikuweke upande gani?
Mwanao

Kanyosha, 28 Septemba 1997

Mwanangu,
Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo afadhali. Barua yako imechelewa, tumeganduka bila mchoro. Astère amejenga kwa matofali, kaburi limepinda kidogo.
Upande gani, unauliza! Si ulikulia nyumba hii? Kitandani mama yako alilala upande wa ukuta, mimi upande wa mlango, ili atakayevunja anikute mimi kwanza. Nitalala hivyo hivyo.
Mvua imeanza yenyewe, bila mifereji yako. Mahali pangu nimepanda maharage. Njoo uyale kabla sijapahitaji.
Baba