Sare Kwenye Kamba

Kisugu, Jumapili usiku, 1975

Amelala. Namsikia mdogo wangu Wafula akikoroma, na sijawahi kufurahia mkoromo namna hii.

Mchana alimeza kile kikaratasi chenye dawa ya kulevya alichopewa na rafiki yake wa chuoni. Mwanzoni alicheka tu, akisema ukuta unapumua. Kisha redio ikapiga muziki wa bendi ya jeshi, naye akaona sare ya jirani yetu askari imeanikwa uani. Akapiga kelele kwamba wamekuja kumchukua. Nilimng'ang'ania asitoke mbio barabarani, maana siku hizi za utawala wa jeshi anayekimbia hupigwa risasi.

Mke wa askari, Mama Zaituni, akaingia. Nikajua tumekwisha.

"Amekula nini huyu?"

Nikamwambia ukweli. Akazima redio, akaenda kuianua ile sare, akarudi kukaa naye mkekani.

"Mwanangu, hii ni nguo tu. Mimi ndiyo nilifua asubuhi."

Wafula akaishika, bado mbichi. Akatulia polepole.

Naogopa mumewe asije akajua. Lakini wakati wa kutoka Mama Zaituni alininong'oneza, "Bwana akiuliza kelele, mimi nasema ni malaria. Na wewe sema hivyo hivyo."