Kwa Baba, Uliyewalaza Bakteria Kanisani

Mpendwa Baba,

Juzi nimepita Itumba, nikasimama nje ya kanisa nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akaniuliza, "We dada, mzima kweli?" Ningemwambiaje? Nilikuwa nalikumbuka tangazo lako.

Likizo ile ya chuo nilikuwa nimekusimulia jikoni habari za kipindupindu. Nilikwambia bakteria wake hatumii nguvu ovyo. Akiwa mtoni, jeni zake za kutengeneza sumu amezizima. Akishaingia tumboni, akahisi joto la mwili na nyongo, anaziwasha. Ulipiga paja ukasema, "Kumbe ana akili huyu!"

Jumapili ukasimama kwenye matangazo, mzee wa kanisa mzima, na majivuno yako yote: "Binti yangu amesomea. Mtoni yule mdudu amelala, hana sumu!" Nikaona akina mama wanatazamana kwa furaha, maana kutafuta kuni za kuchemshia maji kulikuwa kumewachosha. Na huko Tunduma watu walikuwa wameshaanza kuugua. Mtoto kumkosoa baba yake mbele ya watu si adabu, lakini ningenyamaza tungezika majirani.

Nikasimama. "Samahani, Baba. Amelala, ndiyo, ila tumboni mwetu ndiko anakoamkia. Tumchemshe akiwa bado usingizini."

Nilijua nimeumia. Ukavua miwani, ukaifuta, ukasema, "Mama, hebu rudia polepole, nitafsiri kwa Kindali." Ukatafsiri kwa mbwembwe, ukaongeza na mkoromo wa bakteria, watu wakavunjika mbavu. Siku hiyo kila jiko lilichemsha maji, na mvua zile mtaani kwetu hakuugua mtu.

Njiani kurudi nyumbani ulinishika bega. "Nimesomesha mtu wa kunikosoa. Sasa naweza kuzeeka."

Siku hizi nafundisha, Baba, na kazi yangu naipenda mno. Wiki iliyopita msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alinyoosha mkono: nilikuwa nimekosea mchoro ubaoni, nimeonyesha jeni inazimwa pale inapotakiwa kuwashwa. Wenzake wakainamisha vichwa wakisubiri ghadhabu yangu. Mimi furaha ilinijaa kifuani. Nikampa chaki, nikaenda kukaa kwenye kiti chake.

Pumzika huko uliko ukicheka, mzee wangu.

Binti yako