Bodi Zilizong'aa Baada ya Pasaka

Alhamisi, 5 Aprili
Kabati la majaribio linazigandisha bodi zangu za umeme za usukani wa gari, linazichoma, linazigandisha tena. Mara elfu. Bodi isiyostahimili humu itamzimikia dereva konani. Nilitaka kushinda nazo Pasaka yote. Valeriu, mkuu wangu, kanifukuza! Nenda kwa mama yako kule Maramureş, mwanangu, nitazitazama mimi. Ndiye msimamizi wetu wa ndoa, mimi na mume wangu Horia. Alitushikia mshumaa kanisani. Baba wa namna hii humpati popote.

Jumanne, 10 Aprili
Nimerudi na soseji za mama. Bodi zote zimefaulu! Valeriu kafungua pombe ya plamu, tukanywa. Kisha nikaziweka chini ya hadubini — lehemu inang'aa. Lehemu iliyopigwa baridi na moto mara elfu hufifia, huparara. Hizi hazijaona hata friji ya nyumbani. Valeriu kazibadilisha.

Jumatano, 11 Aprili
Nilimwuliza. Hata hakukana! Kanimiminia kahawa. Zilipasuka chache tu, mwanangu, na wateja wanakuja kesho. Utawaeleza wewe, wewe wanakuamini.

Wanakuamini! Nimeumia.

Nyumbani nikamwambia Horia huku nalia. Hakushangaa. Akakoroga supu, akakoroga. Mwishowe: usinikasirikie, Ilinca. Valeriu alimpigia simu Jumamosi Kuu. Horia ndiye aliyezibeba bodi zilizopasuka, kwa gari letu, akaenda kuzitupa. Roho ikamsuta, akazificha stoo yetu nyuma ya mitungi ya kabichi. Ungemkataliaje baba? akasema. Na mimi je, nikamwuliza, ni nani kwako? Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kinalala nami kitanda kimoja.

Alhamisi, 12 Aprili
Naandika chooni. Wateja wamefika. Valeriu kanitambulisha: huyu binti yangu, kazi yake haina doa. Mama mmoja wa makamo kaniuliza kwa upole, ni hizi hizi zilizotoka kabatini? Wote wakanigeukia. Nikaomba dakika moja.

Mfukoni nina bodi moja ya stoo. Ufa unaonekana kwa macho matupu. Nikiitoa, Valeriu kwisha. Na Horia naye, maana mkono wake umo.

Mlango unagongwa. Mwanangu, unaumwa? Sauti ile ile, laini. Nachukia jinsi ninavyoipenda bado.

Sasa sauti nyingine — Horia! Nani kamwita hapa?

Tulia, baba, anamwambia. Namjua mke wangu. Hawezi kutuaibisha.